Kusomea Uuguzi na Fani Nyingine za Afya Moshi na Arusha: Mwongozo Kamili, Kuanzia Matokeo ya Kidato cha Nne Hadi Leseni

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha nne yakishatangazwa, simu yangu haipumziki. Hupiga ndugu, majirani na washarika wenzangu, na swali huwa ni lile lile: "Sista, mtoto anataka unesi, tumpeleke chuo gani?" Ninafanya kazi wodini hapa Moshi, na sehemu ya kazi hiyo ni kusimamia wanafunzi wanaoletwa na vyuo mbalimbali kwa mafunzo kwa vitendo. Kwa hiyo nimekwisha kuwaona waliochagua chuo kwa kukichunguza, na nimewaona pia waliochaguliwa na vipeperushi vilivyobandikwa stendi. Mimi humjibu mzazi kwa swali jingine: hicho chuo mnachokifikiria kinapeleka wanafunzi wake kwenye wodi ipi? Wengi hawajui, na hapo ndipo mazungumzo yetu huanza.

Mwongozo huu unahusu vyuo vya kati, yaani vinavyopokea wahitimu wa kidato cha nne na kuwafikisha kwenye stashahada kwa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza ni ngazi ya 4 ya tuzo za ufundi, wa pili ngazi ya 5, wa tatu ngazi ya 6. Anayehitaji shahada moja kwa moja baada ya kidato cha sita ana njia yake, na sitaizungumzia hapa.

Hatua ya kwanza: soma matokeo kwa jicho la fani, si kwa jicho la daraja

Wazazi hutazama daraja: mtoto amepata la pili, basi ataingia popote. Vyuo vya afya havihesabu hivyo. Kwa stashahada ya uuguzi na ukunga, na pia ya utabibu, mwombaji anatakiwa awe amefaulu angalau masomo manne yasiyo ya dini, kwa alama D au zaidi, na miongoni mwa hayo manne lazima iwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza humwongezea mwombaji nguvu pale wanapogombea nafasi wengi. Kwa famasia, masomo yanayoshikiliwa ni Kemia na Baiolojia.

Maana yake ni kwamba binti mwenye B ya Historia, B ya Kiswahili na C ya Jiografia, lakini ana F ya Fizikia, hana nafasi katika uuguzi, wakati jirani yake mwenye D nne zilizoangukia mahali panapotakiwa anaruhusiwa kuomba. Elimu ya Dini ya Kiislamu na Maarifa ya Biblia hayahesabiwi katika yale manne, hata kama mtoto amepata A. Masharti haya hutofautiana kati ya fani na fani na huweza kurekebishwa. Kwa sababu hiyo, kabla ya kutumia shilingi yoyote, fungua kitabu cha mwongozo wa udahili kinachotolewa kila mwaka na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, yaani NACTVET, utafute ukurasa wa fani unayoitaka.

Aliyekosa somo moja asidanganywe na mtu anayemwambia kuwa "tutampitisha tu, alete ada". Dawa ya F ya Fizikia ni kurudia Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea, ajisajili mapema mwaka huo huo na afanye mtihani Novemba pamoja na wenzake. Mwaka mmoja wa kurudia somo ni mfupi kuliko miaka mitatu ya kusomea cheti ambacho baraza la taaluma litakikataa.

Hatua ya pili: chagua fani kabla ya kuchagua chuo

Katika familia zetu sekta ya afya ina kazi mbili tu, udaktari na unesi. Nyingine zote huitwa "wale wengine wa hospitali". Hao wengine ndio lugha ya serikali huwaita sayansi shirikishi za afya, na kwa kijana wa Kilimanjaro au Arusha ni kosa kutowafikiria, kwa sababu baadhi ya shule zao ziko hapa hapa.

Ukipanda daladala kutoka stendi ya Moshi kwenda KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, utakuta humo kituo cha mafunzo ya mafundi wa viungo bandia, TATCOT, kilichoanza mwaka 1981 na kinachopokea wanafunzi hata kutoka nchi nyingine za Afrika. Anayesoma pale hujifunza kuchukua kipimo cha mguu uliokatwa, kumimina plasta ya jasi, kuunda mguu wa bandia na kumfundisha mgonjwa kuutembelea. Ni kazi ya mikono kama ya seremala hodari, ila mteja wake anahema na ana maumivu. Katika eneo hilo hilo hufundishwa fiziotherapia, na tiba kwa kazi, ile ya kumrejesha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku, na optometria, yaani upimaji wa uwezo wa kuona na utengenezaji wa miwani. Anayejua idadi ya majeruhi wa bodaboda wanaolazwa kwenye wodi za mifupa hahitaji kuelezwa kwa nini wataalamu wa viungo wanatafutwa.

Zipo pia maabara, famasia, radiolojia, afya ya kinywa na meno, na utunzaji wa kumbukumbu za afya. Jiulize maswali ya kweli. Kijana anayechoka haraka na watu lakini anapenda usahihi ataishi vizuri maabara kuliko wodini. Asiyeweza kukesha asijidanganye kwamba uuguzi una zamu za mchana tu. Na anayetaka uuguzi ajue kwamba ukunga umo ndani yake, wavulana na wasichana sawa: kijana wa kiume atazalisha, na hatasamehewa kwa kuona haya.

Kuna sababu nyingine ya kutazama fani zisizojulikana, nayo ni fedha. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imeanza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na sayansi shirikishi za afya zimo. Lakini mwongozo wa bodi hutaja kozi moja moja kwa majina, na si kila kozi ya afya imo kwenye orodha. Usidhani kwamba kwa kuwa mtoto amechaguliwa "afya" basi mkopo unamsubiri. Isome orodha ya mwaka wake kabla ya kupanga bajeti.

Hatua ya tatu: kichunguze chuo kama unavyomchunguza mchumba

Hapa ndipo ninapotaka utumie muda mwingi kuliko mahali pengine.

Anza na usajili. Vyuo vya afya hupewa na NACTVET namba inayoanza na REG/HAS. Iulize, kisha uitafute kwenye orodha ya baraza lenyewe, si kwenye bango la chuo. Halafu uliza swali la pili ambalo wengi hawaulizi: je, kozi hii ninayoitaka imeidhinishwa katika chuo hiki? Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kwa famasia, kikatangaza na kozi nyingine ambayo bado hakijaruhusiwa kuifundisha. Mpwa wangu aliingia mtego huo. Alilipa ada ya muhula wa kwanza katika chuo ambacho sitakitaja, akashona sare, akasoma miezi minne, ndipo wakaelezwa kwamba majina yao hayamo kwenye mfumo wa baraza. Ada haikurudi. Sare ile nyeupe hadi leo imekunjwa kwenye begi kwa mama yake.

Baada ya usajili, fuata wodi. Vyuo vingi vizuri vya mikoa hii miwili vilizaliwa na hospitali: Kibosho ina shule ya uuguzi karibu na hospitali yake, Huruma kule Rombo vivyo hivyo, Machame ina chuo chake, na Arusha kuna shule ya uuguzi iliyo chini ya hospitali ya Kilutheri ya ALMC. Mwanafunzi wa shule ya aina hii hutembea dakika chache kutoka darasani hadi kitandani kwa mgonjwa. Chuo kisicho na hospitali yake si lazima kiwe kibaya, kwa kuwa kinaweza kuwa na makubaliano na hospitali ya mkoa, kama Mawenzi ya Moshi au Mount Meru ya Arusha, au na hospitali ya wilaya, lakini omba kuambiwa mambo haya: ni hospitali zipi, makubaliano hayo yapo kwa maandishi, wanafunzi wangapi huingia wodi moja kwa zamu moja, na mwalimu wa chuo huwafuata wodini au huwaachia wauguzi waliochoka.

Swali hilo la idadi lina uzito. Nimewahi kupokea asubuhi moja wanafunzi 23 katika wodi yenye wagonjwa 18. Waliokuwa mbele walijifunza kufunga kidonda. Waliokuwa nyuma walijifunza kutazama migongo ya wenzao.

Usichague kwa picha za mtandaoni. Panda gari uende. Kutoka Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80, safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na nauli yake ni ndogo mno ukilinganisha na ada. Ukifika, omba kuonyeshwa chumba cha mazoezi. Tazama kama midoli ya kujifunzia kuzalisha na mkono wa plastiki wa kujifunzia kuchoma sindano vimechakaa. Vikiwa vimechakaa, shukuru, kwa sababu vinatumika. Vikiwa bado kwenye nailoni zake, uliza kwa nini. Kisha nenda kantini, umpate mwanafunzi wa mwaka wa tatu, umwulize amekwisha kuzalisha akina mama wangapi. Uso wake utakujibu kabla ya mdomo.

Hatua ya nne: tuma maombi, majina yakiwa yamenyooka

Vyuo vya afya vya serikali huombwa kupitia mfumo wa udahili wa pamoja unaosimamiwa na NACTVET. Kwa vyuo binafsi na vya mashirika ya dini, fuata tangazo la udahili la mwaka husika. Nafasi hufunguliwa kwa awamu. Usisubiri ya mwisho.

Andaa namba ya mtihani wa kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa, picha ndogo, namba ya simu itakayobaki hewani miezi yote hiyo, na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) kwa aliyetimiza miaka 18. Shida inayowakwamisha wengi si alama, ni majina. Kwenye cheti cha kuzaliwa ameandikwa Neema Yohana, kwenye matokeo ni Neema John, na kanisani anajulikana kwa jina la ukoo. Mifumo haijui kwamba Yohana na John ni mtu mmoja. Linganisha nyaraka zote mapema, herufi kwa herufi, na palipo na tofauti mwone wakili akuandalie hati ya kiapo. Anayeomba mkopo atatakiwa pia cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na aliyefiwa na mzazi ahakikishe na cheti cha kifo, kazi inayofanyika mtandaoni lakini isiyofaa kuachwa hadi wiki ya mwisho.

Malipo yote ya vyuo vya serikali hupitia kontroo namba, yaani namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa serikali. Anayekuomba fedha kwenye namba yake binafsi ya simu ili "akusaidie nafasi" ni tapeli, hata kama anajua jina la mkuu wa chuo.

Hatua ya tano: piga hesabu ya gharama zisizoandikwa kwa herufi kubwa

Ada huonekana wazi katika kitabu cha mwongozo. Zinazoumiza ni nyingine: malazi, chakula, bima ya afya, michango ya mitihani, sare jozi mbili, viatu vyeupe vilivyofungwa mbele, saa yenye mshale wa sekunde, stetoskopu, kitabu cha kumbukumbu za mazoezi, na nauli ya kwenda hospitali za mazoezi. Hii nauli husahaulika kabisa. Mwanafunzi aliyepanga chumba mtaa wa Sakina, Arusha, na kupangiwa mazoezi Mount Meru analipa daladala kila siku, na akipangwa usiku atahitaji namna salama ya kufika. Ongeza sweta nzito. Julai ya Moshi na Arusha saa tisa usiku haina huruma.

Mzazi anayelipa kidogo kidogo baada ya kuuza kahawa au ndizi aombe utaratibu wa awamu kwa maandishi, siku ile ya kuripoti. Mwanafunzi akifukuzwa ada katikati ya mzunguko wa wodi, siku alizokosa huwa vigumu kuzifidia.

Hatua ya sita: tumia miezi ya kusubiri

Kati ya matokeo na kuripoti chuoni kuna miezi kadhaa, na ina kazi mbili.

Ya kwanza ni chanjo ya homa ya ini aina ya B. Hutolewa kwa dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita tangu ile ya kwanza. Anayepima damu na kuanza Februari humaliza Agosti, kabla hajagusa sindano ya mtu. Anayengoja chuo kifunguliwe ataingia wodini akiwa na kinga nusu.

Ya pili ni hesabu. Wanaofeli famakolojia wengi wao hawafeli dawa, wanafeli kugawanya. Chukua mfano huu. Mtoto ana kilo 12, na daktari ameandika parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo. Hizo ni miligramu 180. Chupa iliyopo ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Gawanya 180 kwa 120, upate 1.5, zidisha kwa 5: mtoto apewe mililita 7.5. Mfano wa dripu: mililita 1,000 ziishe kwa saa 8, na mpira wake hutoa matone 20 kwa mililita. Matone yote ni 20,000, dakika ni 480, hivyo ni matone 42 kwa dakika, kwa kukadiria. Anayeweza kufanya hesabu hizi bila kikokotoo akiwa nyumbani ataziweza saa nane usiku akiwa na usingizi.

Ongeza na Kiingereza. Mihadhara na mitihani ni kwa Kiingereza, lakini mgonjwa atakueleza kwa Kiswahili, na bibi wa Rombo au mzee wa Kimasai kutoka Monduli huenda akahitaji mkalimani. Utaishi ukitafsiri huku na huku.

Hatua ya saba: wodini

Siku ya kwanza jitambulishe kwa muuguzi kiongozi, kisha kwa mgonjwa. "Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, naomba nikupime presha." Ukiitikiwa "Marahaba mwanangu," umekwisha kupewa nusu ya ruhusa, ingoje ile nusu nyingine. Usimwite mtu "kitanda namba sita" mbele ya watoto wake waliokuja kumwona.

Kuna jambo dogo ninalolitumia kumpima mwanafunzi. Siku moja nilikuta chati za wagonjwa sita, wote wameandikiwa upumuaji 20 kwa dakika. Watu sita hawapumui sawa kama waimbaji wa kwaya. Nilimrudisha kijana aliyeandika, nikamwonyesha: shika kifundo cha mkono wa mgonjwa, chini ya kidole gumba, kama unahesabu mapigo, huku macho yako yakitazama kifua kikipanda na kushuka, uhesabu dakika nzima bila kumwambia, maana mtu akijua unahesabu pumzi zake hubadilisha namna anavyopumua. Mtu mzima hupumua kati ya mara 12 na 20. Mgonjwa wa kitanda cha nne alikuwa na 32. Alikuwa akizidiwa kimya kimya, na karatasi ilisema ni mzima.

Kuhusu usalama wako: sindano ikishatumika isirudishwe kifuniko, iende moja kwa moja kwenye boksi la vitu vyenye ncha kali, nalo lifungwe likifika robo tatu. Ukijichoma, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, mwambie msimamizi palepale. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita, na hunywewa kwa siku 28. Wanafunzi huficha kwa kuogopa kukemewa. Kukemewa kunaisha kabla ya chai ya saa nne.

Kitabu cha mazoezi kisainiwe siku ile ile kazi ilipofanyika. Wapo wanaokuja mwisho wa mzunguko na kurasa 30 tupu, wakiniomba nisaini kwa pamoja. Sisaini.

Hatua ya nane: kutoka chuoni hadi leseni

Cheti cha chuo pekee hakikuruhusu kumhudumia mgonjwa peke yako. Muuguzi husajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, baada ya kufaulu mtihani wa baraza hilo. Wa famasia huenda Baraza la Famasia, wa maabara kwenye baraza lao, watabibu kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika. Leseni huhuishwa, na kwa wauguzi kuhuisha huendana na ushahidi wa mafunzo endelevu, kwa hiyo tunza vyeti vya semina zote, hata ile ya siku moja.

Anayetaka kuendelea na shahada alinde wastani wake tangu mwaka wa kwanza. Katika ngazi ya 6, yaani stashahada yenyewe, wastani wa juu kabisa ni 5.0, na vyuo vikuu kwa kawaida hutaka angalau 3.0 kwa kozi za afya. Wenye alama ndogo za kidato cha nne wasome pia masharti ya masomo ya sekondari, kwa maana mengine huulizwa upya. Ukishahitimu, omba NACTVET ikupe namba ya uthibitisho wa tuzo, ambayo bila hiyo maombi ya shahada kwa mwenye stashahada hayaendi mbele. Iombe wakati unasubiri mtihani wa baraza, na uiandike kwenye karatasi utakayoiweka pamoja na cheti cha kuzaliwa.